Matumbawe ya matawi yanapauka kwenye hodhi la nje, naomba ushauri

Habari wadau. Kikundi chetu huku Kilifi kina kibali cha kulea vipande vya matumbawe kwenye hodhi la saruji, liko nje, maji tunavuta baharini. Yale ya mabonge hayana shida, hata ukiyasahau yanaishi. Kinachotuumiza kichwa ni haya ya matawi, Akropora. Tangu kaskazi ishike, saa nane mchana kipimajoto kinasoma 31, alfajiri 27. Ncha zilizokuwa za zambarau zimefifia, na huku chini kwenye shina nyama inabanduka, unabaki mfupa mweupe. Chumvi ni gramu 35 kwa kila kilo ya maji, pampu mbili zinazungusha maji, juu kuna neti ya kivuli ya asilimia 50.

Je, tupandishe neti hadi asilimia 70, au mwanga utapungua mno? Feni ya kupuliza juu ya maji inashusha joto kweli kwa unyevu huu wa pwani? Barafu msinishauri, joto hushuka na kupanda ghafla, afadhali hata hilo jua. Na masika yakija, mnafunika vipi mvua isizimue chumvi? Vile vilivyoanza kubanduka, tukate juu ya kidonda tuokoe ncha, au ndio basi tena?