Baba ameitwa uwanjani kupewa heshima ya shujaa, amekataa. Tufanyeje?

Binti wa Usa River

Habari za jioni wadau, na shikamooni wakubwa zangu. Nina jambo la nyumbani na Jumamosi imeshakaribia, naombeni mawazo yenu. Nawalenga hasa mliowahi kufiwa na mtoto, na nyie mnaosimamia mechi za mitaani.

Tunakaa Usa River, upande mmoja wa barabara kuu ya Arusha–Moshi, na shule iko upande wa pili. Mdogo wetu wa mwisho, darasa la tatu, aligongwa hapo akirudi nyumbani. Lori lilisimama kumpisha, dereva akampungia mkono apite. Gari dogo lililokuwa nyuma halikutaka kungoja, likachomoka ubavuni mwa lori. Mtoto alikuwa ameshafika katikati.

Baba ni seremala. Matanga yalipoisha alikaa kimya, karakana imefungwa, hadi asubuhi moja mama akamkuta anakata duara kwenye kipande cha ubao. Akalipaka rangi nyekundu, akaandika SIMAMA, akalipigilia mpini. Tangu hapo kila siku ya shule, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, yuko barabarani na reflekta yake, na jioni anarudi tena. Trafiki walipomwona hawakumfukuza, walimfundisha asimame wapi na atoe ishara gani. Masika yupo. Juni kwenye ile baridi ya Meru yupo, na watoto nyuma yake wameshikana masweta kwa mstari.

Ukimtazama akiwa kazini utagundua haangalii uso wa dereva. Anaangalia tairi. Tairi likiacha kuzunguka ndipo anapiga hatua, na hata hapo watoto bado hajawaruhusu. Anatangulia peke yake mbele ya lori, anachungulia ubavuni kama kuna bodaboda au Noah inayotaka kupita, anainua bango, ndipo anawaita. Wapo watoto wa darasa la kwanza ambao hawajawahi kuvuka barabara ile bila yeye.

Sasa kamati ya Kombe la Diwani imeamua kumpa heshima kwenye fainali Jumamosi. Mpango wao ni aingizwe katikati ya uwanja timu zikiwa zimejipanga, mtangazaji asimulie ajali mwanzo hadi mwisho, watoto washike bango lenye picha kubwa ya mdogo wetu, watu wasimame kimya dakika moja, kisha diwani ampe cheti na zawadi. Gari la matangazo limeshapita mtaani likimtaja kwa jina. Yeye mwenyewe hakuulizwa.

Amesema haendi. Maneno yake ni haya: "Wanaoitwa katikati ya uwanja ni walioshinda. Mimi nimeshinda nini?" Akachukua randa akaendelea na ubao wake. Mama anataka sana aende na hasemi ni kwa nini. Kaka anasema tukikataa tutaonekana tuna majivuno, maana wanakamati wamechanga hela zao mfukoni. Mimi naona baba anastahili heshima yote watakayompa na zaidi, ila sitaki kumwona anaanguka mbele ya mtaa mzima. Tumwache? Tumbembeleze? Na kamati tuwaambieje bila kuwavunja moyo?

Mama wa Majengo, Moshi

Pole sana mwanangu. Mpe mama yako pole yangu, mwambie inatoka kwa mama mwenzie.

Mimi nilimzika mwanangu akiwa kidato cha pili, kwa ugonjwa. Alikuwa golikipa wa shule. Wenzake waliandaa bonanza la kumkumbuka, nikaitwa, nikaenda. Kuna kitu kimoja kiliniumiza na kingine kiliniponya, na vyote viwili vilitokea alasiri ileile.

Kilichoniumiza ni maiki. Mtangazaji alipewa karatasi akaisoma yote: ugonjwa ulivyoanza, tulivyohangaika, usiku ule wa mwisho. Nilisimama pale nasikia usiku wa mwisho wa mwanangu unatoka kwenye spika, huku watu wengine wananunua karanga. Baada ya hapo watu nisiowajua walikuwa wanakuja kuniuliza maswali ambayo hata kwa dada zangu sijayajibu.

Kilichoniponya kilikuja mpira ulipokwisha. Vijana walinifuata mmoja mmoja, kila mtu na lake. Mmoja akaniambia mwanangu alikuwa anawafokea mabeki mpaka wanamwogopa. Mimi nyumbani nilimjua mpole, hata kuku hamfukuzi kwa sauti! Nilicheka, nikalia, nikamwomba anisimulie tena. Kanisani na sokoni watu walikuwa wameacha kumtaja, wakidhani wananihurumia. Pale uwanjani alitajwa jina lake kama mtu aliyeishi.

Kwa hiyo kaa na mama yako jikoni, mkiwa wawili tu, umuulize. Nadhani hataki cheti. Anataka kusikia jina la mtoto wake likitamkwa mbele za watu. Na hilo linaweza kufanyika bila kumsulubisha baba yako.

Mengine ni haya. Ile picha kubwa waione nyumbani kwanza, na mmoja wao akisema hapana, basi haitoki. Baba asipewe maiki. Kaka yako asimame ubavuni kwake tangu mwanzo hadi mwisho. Na wakimaliza, aachwe aondoke, asiwekwe meza kuu akapigwe picha mpaka jioni.

Refa wa Tengeru

Mzee amesema hataki. Aheshimiwe. Aliyeharakisha kutangaza ndiye aende akamwombe radhi kabla ya yote, tena aende mwenyewe, asitume mtoto.

Kama Jumamosi haitawezekana, mwaka haujaisha. Jumapili ya tatu ya Novemba dunia nzima inawakumbuka waliopoteza maisha barabarani. Kamati inaweza kuandaa mechi siku hiyo, naye akawa na muda wa kufikiri. Nitachezesha bure.

Mshika Maiki, Arusha

Dada, pole sana. Mimi natangaza mechi za ndondo hapa mjini na vitongoji vyake, nakuja kwa upande wa kazi.

Nakubaliana na mama wa Majengo kuhusu ile karatasi. Mtu wa Arusha hahitaji kusimuliwa ajali ya mtoto. Mei 2017 tuliwaaga pale uwanja wa Sheikh Amri Abeid wanafunzi 32, walimu wawili na dereva wao, waliokufa kwa ajali ya basi la shule Rhotia kule Karatu. Nilikuwa jukwaani siku ile. Mtu aliyeshuhudia yale akisikia tu "alifiwa na mtoto barabarani", yaliyobaki anayajua. Kinachotakiwa kutangazwa ni kile asichokijua: kwamba kuna mzee anaamka kila asubuhi kuvusha watoto wa wenzake.

Ila kwa refa natofautiana naye kidogo. Angalieni nani anakuja kwenye fainali za mitaani. Vijana wa bodaboda, madereva wa Hiace, matingo wa Fuso. Timu zenyewe nyingine ni za vijiwe vyao. Hao ndio wanaompita mzee asubuhi, na wengine ndio hao wanaochomoka ubavuni. Ajali za barabarani ndizo zinazoongoza duniani kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, Shirika la Afya Duniani limesema, lakini huwezi kumwita bodaboda kwenye semina akaja. Mpirani anakuja mwenyewe na anakaa mpaka mwisho. Mzee akisimama mbele yao na lile bango lake, Jumatatu watamwona kwa jicho jingine.

Kuhusu muda: msikubali mapumziko, watu wanatawanyika. Wala msingoje timu zijipange, maana refa anaangalia saa na mashabiki wanataka mpira. Iwe kabla timu hazijatoka kupasha, dakika tano tu. Na ile dakika ya ukimya waiache, kwa sababu si msiba mpya, na kwenye uwanja wa wazi lazima kuna mtu atapiga honi. Watu wampigie makofi.

Mwana Anfield wa Kijenge

Naongeza moja kwa ajili ya lile swali la mzee, "nimeshinda nini".

Sisi mashabiki wa Liverpool ya Uingereza tuna mama mmoja tunamheshimu kuliko wafungaji wengi. Anaitwa Anne Williams. Mtoto wake Kevin, miaka 15, alikufa kwenye msongamano wa uwanja wa Hillsborough tarehe 15 Aprili 1989, kwenye nusu fainali ya Kombe la FA. Waliokufa kwa ajali ile ni 97. Uchunguzi wa kwanza ulisema ilipofika saa tisa na robo alasiri wote walikuwa wameshafikia hali ya kutookolewa. Yule mama akakataa. Hakuwa mwanasheria, lakini alitafuta mashahidi mmoja mmoja waliomwona Kevin akiwa bado hai baada ya saa hiyo, akapeleka maombi, akakataliwa, akapeleka tena. Mahakama Kuu ilifuta matokeo yale Desemba 2012, yeye akafariki Aprili 2013, na mwisho wa mwaka huo BBC wakampa tuzo kwenye hafla yao ya wanamichezo, hayupo. Mwaka 2016 baraza la wazee wa mahakama likaamua waliokufa waliuawa kinyume cha sheria.

Hakuna aliyempa heshima kwa sababu amefiwa. Waliofiwa walikuwa wengi mno siku ile. Walimheshimu kwa miaka ile yote ya kubeba mafaili. Mwambieni mzee kwamba uwanja haumwiti kwa ajili ya siku ile ya ajali. Unamwita kwa ajili ya asubuhi zote zilizofuata.

Binti wa Usa River

Wadau, Mungu awabariki sana. Mama wa Majengo, nimefanya kama ulivyosema. Nilikaa naye jikoni tukichambua mchele, nikamuuliza. Aliniambia vilevile ulivyonena: tangu tuzike, watu wanasema "yule mtoto" au "marehemu", na anaogopa watalisahau jina lake. Baba alikuwa mlangoni, akasikia. Alikuwa hajui.

Usiku mwenyekiti wa kamati alikuja na mkewe, akaomba radhi kwa lile gari la matangazo. Baba akampa masharti na mimi nikayaandika. Ajali isisimuliwe. Bango la picha libaki nyumbani. Anataka kuingia na watoto anaowavusha, wakiwa na sare za shule, kwa mstari uleule wa asubuhi, na ubao wake mkononi. Cheti atapokea, lakini zawadi ya pesa ageuziwe reflekta mbili, maana kuna mzee mwingine amejitolea kushika zamu za jioni. Na diwani akipewa maiki aseme hadharani kama ataandika barua kuhusu matuta na rangi ya pundamilia, kwa kuwa barabara kuu haiko mikononi mwa halmashauri na bila barua hakuna atakayeanza. Mwenyekiti amekubali yote, ila kwa hilo la diwani alikuna kichwa kwanza.

Mshika Maiki, kaka yangu, mtangazaji wao ni kijana mgeni na anaogopa kukosea. Unaweza kutuandikia maneno machache?

Mshika Maiki, Arusha

Bila shaka dada. Ayasome polepole, asiongeze lake:

"Ndugu mashabiki, mnaowaona wanaingia ni watoto wetu, na anayewatangulia ni seremala wa hapa hapa Usa River. Kila siku ya shule, mvua au jua, anawavusha barabara kuu. Alianza kazi hii kwa ajili ya mwanawe," hapo ataje jina la mtoto, yote mawili, kwa sauti ya kawaida, "na sasa anaifanya kwa ajili ya wetu. Madereva mlioko hapa, gari la mbele likisimama, nawe simama nyuma yake. Tumpigie makofi mzee wetu."

Makofi yakianza azime maiki, asiongee huku watu wanapiga makofi. Nitumie jina la mtoto pembeni nimrekodie kijana namna ya kulitamka, na mwambie kaka yako afike uwanjani saa nane wajaribu spika, kwa sababu za kukodi zina tabia ya kukwaruza ukizisogelea.