Kupaki kwenye loding bei London, naomba kueleweshwa

Wakuu habari, juzi nimepaki van kwenye loding bei nashusha magunia ya mchele ya dukani, narudi nakuta tiketi ya faini kwenye kioo, kwani si sehemu ya kushushia mzigo jamani?

— Pole sana mkuu. Soma kibao kwanza, kinaonyesha masaa na mwisho wa kukaa, vingine ni magari ya mizigo tu. Na nje ya hiyo loding bei cheki vile vistari vya njano juu ya ukingo wa barabara, viwili viwili maana yake hushushi saa yoyote ile.

— Mzigo ukiisha toa gari hapohapo, wenzio wanasubiri. Kama una risiti ya mzigo pinga hiyo tiketi, ukilipa ndani ya siku 14 unalipa nusu ya faini ila ukishalipa huwezi kupinga tena.

— Asanteni, risiti ninayo