Tuzo za wanafunzi wa GIS (ramani na data za mahali kwa kompyuta): project yangu ni ya mitaro Tandale, inafaa kupeleka?

jiomatiki_mwaka4

Wakuu habari zenu. Niko mwaka wa nne chuo hapa Dar, project yangu ni ya mitaro ya maji ya mvua kwenye mitaa miwili ya kata ya Tandale. Mimi na wenzangu wawili tumezunguka na simu zenye KoboToolbox (programu ya kujazia dodoso), kila mtaro tunapima upana na kina kwa futikamba, tunaandika ni wa zege au udongo, unapitisha au umeziba, halafu tunauliza nyumba za jirani mvua kubwa iliyopita maji yalifika wapi, kifundo, goti au kiuno. Wengine hawajibu hata kwa mdomo, wanakuonyesha ukutani, pale chini ya dirisha mstari wa tope umepakwa rangi na bado unatokeza.

Sasa nataka kuipeleka kwenye tuzo za wanafunzi. Ninachoomba kujua, kwanza nimetumia QGIS, programu huria ya ramani, maana leseni ya ArcGIS, ile ya kulipia, chuoni ni ya kugombania, je majaji watanidharau? Pili nimetengeneza modeli ya maji yanakopita kwa kutumia SRTM (data ya mwinuko wa ardhi), hiyo ndiyo imebeba ramani yangu kuu. Tatu supavaiza anasema ramani ni ya kawaida sana niongeze 3D. Mliowahi kushiriki au kuhukumu, majaji wanaangalia nini hasa?

saveya_wa_zamani

Mdogo wangu hongera, kazi ya kutembea mtaro kwa mtaro siyo ndogo, nimeifanya enzi za Ramani Huria 2015, ule mradi wa kuchora ramani za mafuriko Dar, najua ilivyo.

Kuhusu programu, soma masharti ya tuzo yenyewe kabla hujafanya lolote. Kama unalenga Esri Young Scholars, ile ambayo washindi wa nchi mbalimbali wanakwenda San Diego kwenye mkutano wa watumiaji wa Esri, hiyo ni tuzo ya wenye ArcGIS kwa hiyo kazi inatakiwa itumie programu zao na inapitia kwa wakala wao. MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu yaliyoanza 2019, ni ya ubunifu kwa ujumla, hapo programu siyo hoja. Na hili la kudharauliwa kwa sababu ya QGIS liondoe kichwani kabisa, Agosti 2018 hapa hapa Dar tulipokea FOSS4G, mkutano wa dunia wa programu huria za ramani, watu wametoka kila bara kuja kuongelea hizo hizo QGIS.

Kwenye SRTM ndipo naona hatari. Ile data ilipimwa Februari 2000 kwa rada kutoka angani na pikseli yake ni mita 30 kwa 30, yaani mita za mraba 900. Tandale ndani ya eneo hilo una nyumba kadhaa, uchochoro, choo na mtaro wa upana wa futi tatu, vyote vimepewa namba moja ya mwinuko. Tena rada inagonga mabati, kwa hiyo penye nyumba zilizobanana unachosoma siyo ardhi, ni mchanganyiko wa ardhi na mapaa. Modeli itakuchorea mito mizuri ya bluu ikipita katikati ya sebule za watu. Jaji anayejua atakuuliza hilo swali ndani ya dakika mbili na kazi yako nzuri ya futikamba itazama na modeli. Itoe. Una majibu ya kifundo, goti na kiuno, hayo yana nguvu kuliko SRTM kwa eneo dogo kama hilo.

Angalia pia datamu, yaani msingi ambao vipimo vya mahali vya ramani vinahesabiwa kutoka kwake. Kama mipaka umeitoa kwenye zile ramani za zamani za 1:50,000 basi ziko Arc 1960, na simu yako inasoma WGS84, ukizilaza bila kubadilisha zinapishana karibu mita 300. Weka kila kitu WGS84 UTM zoni 37 kusini halafu uandike hivyo kwenye kona ya ramani.

dada_wa_data

Naongezea kwa upande wa majaji, nimewahi kukaa kwenye jopo la mashindano ya vyuo. Kaka, jopo linapokea kazi nyingi na nyingi zinafanana: ramani ya eneo, rangi tano kutoka kijani hadi nyekundu, kichwa cha habari "matumizi ya GIS katika" kitu fulani. Mwanafunzi anaeleza dakika nane amebonyeza nini na dakika moja amegundua nini. Inaumiza kwa sababu unaona kabisa kijana ana akili na amefanya kazi, ila hakuna mahali anakwambia nani akiiona ile ramani atafanya jambo tofauti na alilokuwa anafanya jana.

Hiyo 3D usiihangaikie. Chukua muda huo uandike muhtasari upya, sentensi ya kwanza iwe tatizo la watu wa pale na ya pili iwe jibu ulilopata. Kama majaji ni wa nje hawaijui Dar, wape namba mbili tu zinazobeba mji: sensa ya 2012 tulikuwa 4,364,541, ya 2022 tumefika 5,383,728, halafu ingia Tandale moja kwa moja.

Na tafadhali, kwenye fomu yenu ya Kobo mmechukua majina na namba za simu za wenye nyumba? Kama ndiyo, zitoe kabla hujampa mtu yeyote lile faili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya 2022 na imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria pembeni, mtu amekufungulia mlango akakuonyesha ukuta wake, hajakuruhusu umtangaze kwenye bango.

mkazi_tandale

Mimi siyo msomi wa ramani, ni mkazi na nimewahi kuwa mjumbe wa shina. Nimesoma hapa kimya ila hili lazima niseme. Vijana wa vyuo tunawapokea vizuri sana, 2011 wanafunzi pamoja na vijana wetu wa hapa hapa waliiweka Tandale kwenye OpenStreetMap, ile ramani huria ya mtandaoni, tulifurahi kuona vichochoro vyetu vina sura. Lakini wengi waliokuja baadae wanauliza, wanapiga picha, wanaondoka, na sisi hatuoni hata karatasi. Sasa mwanangu kama unapata tuzo upate, nakuombea, ila ile ramani iprinti kubwa uilete ofisi ya serikali ya mtaa. Usituwekee namba za mitaro tu hatutaelewa, andika msikiti, kisima, mashine ya kusaga, hapo kila mtu kwenye mkutano ataweka kidole kwake.

Na kitu ambacho sisi tunakitafuta siku zote ni hiki: ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunatoka na makoleo na mareki, kila mtu anazoa mbele ya mlango wake, taka zinatoka kwa huyu zinaangukia kwa yule, mvua ikija maji ni pale pale. Wewe umeshatembea mitaro yote. Tuambie tuanzie wapi.

jiomatiki_mwaka4

Mzee shikamoo, na asante sana, hili ndilo swali ambalo project yangu ilikuwa haina. Saveya na dada pia nawashukuru. Modeli naitoa leo, majina na simu nazifuta na kubakiza namba ya nyumba ya utafiti tu. Kichwa nabadilisha kiwe kuhusu sehemu zilizoziba: zipi chache zikizibuliwa nyumba nyingi zaidi zitapona. Data ya kuziba ninayo, data ya nyumba zilizoingiliwa na maji ninayo, ila sijui niziunganishe vipi bila ile SRTM, maana nani ataniambia maji yanaelekea upande gani?

saveya_wa_zamani

Watu wa pale watakuambia, na macho yako. Rudini uwandani siku moja tu, kila mtaro muulize mwenye nyumba maji yanatoka wapi yanakwenda wapi, wanajua. Halafu chora mistari upya kwa kufuata mkondo, unaanzia juu unamalizia maji yanakoishia, ndiyo utaratibu wa OpenStreetMap kwa kila njia ya maji kwa hiyo utaweza kuipandisha huko moja kwa moja na wengine wataitumia. Usichore kwa GPS ya simu, katikati ya mabati inaruka mita kadhaa na mtaro utahamia upande wa pili wa nyumba, chora juu ya picha za droni, za kipindi cha Ramani Huria zimewekwa wazi kwenye tovuti ya OpenAerialMap.

Mistari ikishakuwa na mwelekeo, kila penye kuziba unapanda nao kurudi juu, unahesabu nyumba zilizosema goti na kiuno zinazotegemea mtaro huo. Panga kuanzia penye nyumba nyingi. Hizo za mwanzo ndiyo jibu la mzee na ndiyo sentensi ya pili ya muhtasari aliyosema dada.

mkazi_tandale

Marahaba mwanangu. Mkirudi anzieni ofisi ya mtaa mjitambulishe, nitaongea na mwenyekiti mpewe mjumbe wa kutembea nanyi. Njooni asubuhi, kabla watu hawajatoka kwenda sokoni.