Kichwa cha treni cha LEGO chenye mota: 9V, Power Functions au Powered Up?

mpenda_reli
Wakuu, nataka kujenga Garratt daraja la 59, kile kichwa cha mvuke cha East African Railways, kwa tofali za LEGO, iende yenyewe kwa mota. Nimekwama kwenye mfumo wa umeme wa LEGO: 9V ya zamani, Power Functions au Powered Up? Mwisho wa mwezi naagiza.

mzee_wa_karakana
Mkuu, mbona hujasema mambo ya msingi? Reli unazo? Kama ni za plastiki tupu, 9V isahau. Umeme wake unapita kwenye reli zenye chuma, na LEGO haizitengenezi tena, za kwao ni kutafuta mitumba. Upana je, nundu (vile vidoti vya juu ya tofali) 6 au 8? Na ni ya kuchezea au ya kabatini?

mama_tofali
Powered Up, usizunguke. Boksi lake linabeba betri 6 za AAA, lina milango 2, rimoti ni ya Bluetooth. Garratt ina injini mbili, mbele na nyuma, boila limelala katikati. Weka mota ya treni kila upande na boksi la betri ndani ya boila. Zikivutana, geuza mota moja waya utokee upande wa pili.

mzee_wa_karakana
Mota ya treni ina magurudumu madogo, itaua sura ya 59. Afiche mota ya kawaida ndani ya tangi la maji, izungushe ekseli kwa gia.

relwe254
Mimi bado niko Power Functions. Plagi zinapandana, kwa hivyo mota mbili unaziendesha kwa mlango mmoja. Shida ni rimoti: ni infraredi, lazima ione treni, na jua kali linaivuruga.

pugu_stesheni
Ngojeni niwape yaliyonikuta. Mwaka jana nilijenga 59 hiyohiyo, nundu 8. Boksi la betri nilinunua la mtumba kwa muuzaji wa mtandaoni, kwenye picha linang'aa. Kulifungua, betri zilishavujia ndani, vishikizo vimeota kutu ya kijani. Nikasugua kwa siki na mswaki wa zamani, likawaka. Nikaona nimemaliza. Kumbe kosa kubwa lilikuwa langu: ekseli nne za kila upande nilizifunga kwenye fremu moja, na magurudumu yote yana ukingo wa kushika reli. Reli ikinyooka, inakwenda vizuri mno. Kona ya kwanza tu ikapanda juu ya reli, ikaacha njia, ikaenda mpaka mwisho wa meza ya chakula na kudondoka kwenye vigae. Kazi ya miezi 3. Mwanangu alilia, nami nilikaa chini nisiseme neno. Vipande vingine nilivikuta nyuma ya friji baada ya wiki mbili. Kwa hiyo kabla ya mota, fikiria magurudumu: ekseli za katikati ziwe na yasiyo na ukingo, na uzito ukae juu ya yale yanayosukuma, la sivyo yatazunguka palepale.

mama_tofali
Pole sana ndugu yangu. Hiyo ya uzito ni kweli kabisa.

dodoma_express
Kwa nini usijenge kichwa cha umeme cha SGR? Hakina magurudumu makubwa, mota ya treni inakaa bila kuonekana.

relwe254
Hapana, 59 ni 59! Zilitengenezwa 34 tu, Manchester, kwa Beyer Peacock, na zilivuta mizigo Mombasa hadi Nairobi. Mbili ziko makumbusho ya reli Nairobi: 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena.

pugu_stesheni
Na milima yote miwili iko Tanzania. Gelai iko karibu na Ziwa Natron, Shengena iko Upare. Kwenye kichwa chako andika jina la Shengena, mkuu.

relwe254
Gelai! Hiyo ndiyo iliyowahi kuwashwa tena ikatembea.

mpenda_reli
Samahani kwa kuchelewa. Reli ni za plastiki, kona za kawaida, upana 8. Ni zawadi ya baba, mstaafu wa relwe, na nataka aiendeshe mwenyewe. Macho yake yamepungua, rimoti iwe na vitufe vikubwa.

mama_tofali
Kumbe! Basi hilo ungeanza nalo. Rimoti ya Powered Up vitufe vyake vinashikika.

mzee_wa_karakana
Baba alikuwa dereva au karakana? Muulize alifanya kazi na namba ipi. Na tofali za maruni, rangi ya 59, umeshapata? Hizo ndizo zitakazokusumbua kuliko mota.