Kuhamia Mandeville, Jamaika, kwa pensheni ya Uingereza: tuanze na lipi?

Binti Pangani

Ndugu zangu, salamu nyingi. Mimi ni mzaliwa wa Pangani, na kwa miaka 22 sasa ninaishi Birmingham, nikifanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani mwao. Mume wangu ni Mjamaika wa mkoa wa Manchester wa hukohuko Jamaika, aliyeletwa Uingereza na wazazi wake mwaka 1966 akiwa na umri wa miaka 9. Amekwisha kustaafu, na tangu tulipomzika mama yake hana mazungumzo mengine isipokuwa kurudi kwao. Karibu na mji wa Mandeville kuna kiwanja alichoacha babu yake, chenye nyumba ya zamani ya vyumba viwili ambayo kwa sasa anakaa binamu yake, na nia ya mume wangu ni kuivunja ili tujenge yetu.

Tulichonacho si kingi. Yeye hupokea pensheni kamili ya serikali, tuna akiba ya pauni 31,000, na mimi, mwenye umri wa miaka 61, nitasubiri miaka sita kabla ya kupata yangu. Nimeambiwa kwamba anayehama Uingereza pensheni yake husimama pale ilipo na haiongezwi tena mpaka anakufa, jambo ambalo kwa kipato chetu lingetuumiza sana. Tena sijui nitaishi huko kwa kibali gani, kwa kuwa bado ninashika pasipoti ya Tanzania pamoja na ukaazi wa kudumu wa Uingereza. Naomba mwenye uzoefu anieleze bila kunificha kama maisha haya yanawezekana, na kama yanawezekana, tuanze na lipi.

Mzee wa Kizingo

Dada yangu, nianze na pensheni, kwa sababu jambo hilo limenigusa mwenyewe. Uliyoambiwa ni kweli kwa nchi nyingi, lakini si kwa Jamaika. Uingereza huongeza pensheni kila Aprili kwa wastaafu walioko katika nchi ilizofunga nazo mkataba unaoruhusu nyongeza hiyo, na katika Karibi Jamaika na Barbados zimo, ilhali Trinidad, Antigua na Saint Lucia hazimo. Kenya na Tanzania nazo hazimo. Mimi nilirudi Mombasa mwaka 2015 nikipokea pauni 115.95 kwa wiki, na mpaka leo ni hizohizo 115.95, wakati wenzangu wa mfumo uleule wa zamani waliobaki kule walipata 176.45 mwaka wa 2025/26. Kila nikienda dukani naiona tofauti hiyo. Pensheni kamili ya mumeo katika mfumo mpya, wa waliofikia umri tangu Aprili 2016, ilikuwa pauni 230.25 kwa wiki kwa mwaka wa 2025/26, na akihamia Jamaika itaendelea kupanda kana kwamba hajaondoka Birmingham.

Hata hivyo, ile nyongeza inayotolewa kwa wastaafu wenye kipato kidogo haimfuati mtu aliyehama kabisa, wala msaada wa kodi ya nyumba haumfuati, kwa hiyo msivitie katika hesabu. Kwa upande wako, pensheni kamili inahitaji miaka 35 ya michango. Kwa miaka 22 utapata takribani pauni 145 kwa wiki kwa viwango vya 2025/26, na kila mwaka utakaoongeza kazini utakuwa na faida yake utakapofika umri.

Mama Zuhura

Wifi yangu wa Pangani, karibu. Mimi ni wa Tanga mjini, nimeolewa Mandeville, na huu ni mwaka wangu wa tisa. Inawezekana, lakini nakuomba sana msianze kwa kujenga. Kodini nyumba mwaka mzima kwanza, ili mvua, kiangazi na msimu wa vimbunga, unaoanza Juni hadi mwisho wa Novemba, vyote viwapitie mkiwa bado mna akiba yenu mkononi.

Mji huu uko juu milimani, kiasi cha mita 600, na hewa yake ni ya baridi kama ya Lushoto. Ndiyo maana wazee wengi waliorudi kutoka Uingereza wamejenga hapa. Shida yetu ni maji. Ardhi ni ya mawe ya chokaa, mvua huzama chini badala ya kutiririka, na bomba linaweza kukauka wiki nzima au zaidi. Ukikagua nyumba, usitazame vigae wala makabati ya jikoni kabla hujazunguka uani kuona simtanki ni ngapi, mfereji wa paa unaingia wapi, na boza la maji linaweza kufika mlangoni au linaishia barabarani. Nyumba yetu ya kwanza ilikuwa na simtanki moja ndogo. Mwezi Machi nilikuwa naamka saa kumi usiku kusikiliza kama bomba limeanza kukoroma, nikisikia mkoromo natoka na ndoo zote nilizo nazo.

La pili ni vimbunga. Beryl alipita kusini mwa kisiwa tarehe 3 Julai 2024, na kabla watu hawajamaliza kuezeka upya, tarehe 28 Oktoba 2025 Melissa akatua kusini-magharibi akiwa na upepo wa karibu kilomita 295 kwa saa. Mkoa jirani wa Saint Elizabeth uliumizwa vibaya mno, na mji wa Black River ulibomoka. Kwa hiyo pauni 31,000 zenu zisiishie kwenye kuta. Paa ndilo nyumba hapa: zege likiwezekana, na kama ni mabati, basi kenchi zifungwe kwa vyuma mpaka kwenye ukuta. Ulizeni pia gharama ya bima kabla ya fundi kugusa koleo, na kumbukeni kwamba kila shehena ya vifaa inapanda bei baada ya dhoruba.

Kuhusu matumizi, pensheni ya mumeo ikibadilishwa inazidi dola 200,000 za Jamaika kwa mwezi. Mnaweza kuishi kwa hiyo mkila kama wenyeji na mkipanda teksi za abiria zenye namba nyekundu badala ya kununua gari. Umeme ni ghali, na vitu vya kopo kutoka nje vitawamaliza. Lakini sokoni, ewe mwana wa Pangani, hutajiona mgeni! Wanachokiita kalalu ni mchicha wetu. Shelisheli wanaichoma juu ya mkaa mpaka ganda liwe jeusi. Na Desemba mama mkwe wangu huketi barazani na ungo mapajani akipukuchua mbaazi mbichi za kupikia wali wa nazi. Mwaka wa kwanza nilikaa naye kupukuchua, hatukuwa na lugha moja ya kutosha, na mikono ikatuzungumzia.

Hospitali za serikali ziliondoa ada mwaka 2008, ingawa foleni ni ndefu. Mwenye kisukari au shinikizo la damu ajisajili apate kadi ya Mfuko wa Taifa wa Afya, inayopunguza bei ya dawa.

Mwana wa Lamu

Shemeji, naongeza neno juu ya kiwanja, kwa kuwa mke wangu ni Mjamaika na tulipoteza miaka minne kwa jambo hilihili. Ardhi ya ukoo huko mara nyingi haina hati miliki kwa jina la mtu aliye hai. Babu alifariki, hakuna aliyefungua mirathi, na kila mjukuu, awe Kingston, Toronto au Birmingham, anaamini ana haki pale. Mkijenga juu ya ardhi ya namna hiyo, nyumba mnaweza kuigharimia ninyi ikawa ya watu thelathini. Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni huyo binamu. Sheria ya Jamaika inamruhusu mtu aliyekalia ardhi ya mwingine miaka 12 bila kupingwa kudai kwamba ni yake, na hata ndugu wanaomiliki pamoja wanaweza kupoteza haki zao kwa njia hiyo. Tafuteni kumbukumbu katika Wakala wa Taifa wa Ardhi, mwekeni wakili wenu wenyewe, asiwe yule anayemtumikia ndugu mwingine, na mzungumze na binamu kwa heshima kabla ya kutaja kuvunja chochote.

Msomaji wa Leicester

Hakuna aliyegusa hadhi yako, dada, nayo ni nzito. Ukaazi wako wa kudumu wa Uingereza hufutika ukikaa nje miaka miwili mfululizo. Jamaika inampa mke wa Mjamaika haki ya kuomba kuishi na kufanya kazi, na hata uraia, lakini Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, hivyo pasipoti yoyote mpya utakayochukua itakugharimu ile ya nyumbani. Mume wako naye, kama mzaliwa aliyekaa nje zaidi ya miaka mitatu, ana nafuu ya ushuru kwa vyombo vya nyumbani, akiidai ndani ya miezi sita tangu arejee.

Binti Pangani

Nimemsomea mume wangu majibu yenu yote usiku wa jana. Nilipofika kwenye jibu la Mwana wa Lamu alinyamaza, kisha akahesabu kwa vidole: binamu aliingia katika nyumba ile mwaka 2011. Leo tumetafuta wakili. Habari ya kuvunja tumeiweka kando, naye amekubali tukodi. Mimi nitakwenda na kurudi kila baada ya miezi kadhaa ili ukaazi wangu usifutike, na nitaendelea na kazi kadiri mwili utakavyoniruhusu. Mama Zuhura, je, mizigo ya kutanguliza kwenye pipa la kusafirishia kwa meli iwe nini?

Mama Zuhura

Shuka, sufuria nzito, taa za kuchaji na betri zake. Sahani na viti vinapatikana hapa. Na ukipata mtu wa kukuletea kutoka Tanga, tia mbuzi ya kukunia nazi. Yangu imekwisha meno, na hapa wanakuna kwa kibati cha mkono.