Abiria 40 wa meli ya kitalii, vituo vitatu, siku moja: muda upangweje?

mwongoza_njia
Wakuu, salamu. Naomba msaada wa ratiba. Meli inafunga gati saa 2:00 asubuhi na abiria wote wanatakiwa wawe ndani saa 10:30 jioni. Kundi ni watu 40, basi moja. Vituo ni ngome kongwe iliyo km 40 kutoka bandarini, kilele cha kutazamia bahari ambacho kiko kwenye njia ya kurudi, km 15 kutoka ngomeni, na mji mkongwe uliopakana na bandari. Nimegawa saa mbili kila kituo, nikaweka na saa moja ya chakula. Nianze na mji mkongwe kwa kuwa uko karibu?

gati_namba_tatu
Hapana, mkuu. Mji mkongwe uwe wa mwisho. Basi likipasuka gurudumu au barabara ikifungwa, afadhali mkate dakika za mjini, ambako meli inaonekana, kuliko kukwama km 40 mbali. Tena aliyechoka ataweza kurudi melini mwenyewe kwa miguu bila kuwakatisha wengine.

Hizo saa mbilimbili zako hazipo. Meli ikifunga gati saa 2:00, hakuna anayeshuka hadi mamlaka za bandari zitoe kibali, na foleni ya kwenye ngazi nayo ina muda wake. Hesabu kundi kuwa limekamilika ndani ya basi saa 3:15. Kisha panga ukitokea mwisho kurudi nyuma: lengo ni kuwa getini saa 9:30, yaani saa nzima kabla ya muda wa mwisho. Hiyo saa usiiguse. Si ya kununua vinyago, ni ya ajali.

Inabaki hivi: ngomeni saa 4:15 hadi 6:00, kileleni saa 6:25 hadi 6:50, mji mkongwe saa 7:30 hadi 9:15, chakula humo humo na kila mtu ajitafutie. Chakula cha kukaa mezani watu 40 kwa pamoja kitakula saa na nusu, na utalazimika kufuta kituo kimoja.

Mfano wa umbali unavyomeza siku ni Civitavecchia, bandari ya Roma. Ni takriban km 80 hadi mjini, kwa hiyo kwenda na kurudi kwa basi ni kama saa tatu za siku yako. Atakayeahidi makumbusho matano hapo anawaonyesha abiria milango tu.

hesabu_ya_vichwa
Naongeza mambo yanayokula muda bila kuonekana.

Kushuka basi. Mlango mmoja, watu 40, sekunde 8 hadi 10 kila mtu: dakika 5 hadi 7. Vituo vitatu, kushuka na kupanda, tayari umepoteza zaidi ya nusu saa. Vyoo: vikiwa vinne na kila mtu akitumia dakika mbili, ni dakika 20. Kwa hiyo fanya kituo cha choo ngomeni kabla ya maelezo, usingoje mtu mmoja mmoja achomoke katikati.

Kuhesabu: usihesabu vichwa, hesabu viti vitupu. Watu husimama, huinama, hubadilishana nafasi. Kiti kitupu hakisogei. Mwambie kila abiria amkumbuke jirani yake.

Vipokea sauti vya masikioni vijaribiwe ndani ya basi, si langoni mwa ngome. Mkiwa makundi mawili kwenye chaneli moja, watu wako watamsikiliza mwongozaji mwingine na kumfuata. Kibao cha namba ya basi kiwe juu ya kichwa chako muda wote, maana meli kubwa hutoa mabasi mengi yanayofanana, na abiria hukumbuka namba, hawakumbuki sura ya basi.

Uliza pia kama eneo lina milango miwili. Kule Efeso, Uturuki, makundi huingia kwa lango la juu na kutokea la chini: unateremka barabara ya mawe ukipita Maktaba ya Celsus hadi kwenye ukumbi mkubwa wa michezo, na basi linakusubiri chini. Ukiingilia la chini, unawapandisha wazee mlima juani.

mwongoza_njia
Shukrani sana. Nina abiria wawili wanaotembea kwa fimbo. Na je, meli ikitia nanga nje badala ya kufunga gati?

gati_namba_tatu
Wa fimbo wakae viti vya mbele, washuke wa kwanza. Mwendo wa kundi ni mwendo wao, kwa hiyo ngomeni chagua sehemu tatu za kusimama, si saba. Mawe yaliyong'azwa na nyayo huteleza sana yakiloa. Waambie mapema wavae viatu vya soli ya mpira.

nanga_na_kamba
Meli ikitia nanga nje, hesabu inabadilika kabisa. Abiria huletwa kwa mashua, mara nyingi zile zile za uokoaji za meli, na kundi lako litafika vipande vipande. Saa yako ya mwisho si tena ya meli, ni ya mashua ya mwisho. Mawimbi yakikua, ziara hufutwa, hivyo masharti ya kurejesha nauli yaandikwe mapema. Pale Santorini, Ugiriki, kuna na mtego wa pili: mji wa Fira uko juu ya jabali, na alasiri foleni ya gari la waya la kushukia huwa ndefu. Wanaobanwa na muda hushuka ngazi kwa miguu.

Halafu saa yenyewe. Meli nyingine hazibadilishi saa zao kufuata bandari, ilhali simu ya abiria hujibadilisha ikishika mtandao wa nchi kavu. Kabla basi halijaondoka, soma saa ya meli kwa sauti, kila mtu alinganishe na yake.

Mwisho, kama ziara hii haikuuzwa na meli yenyewe, kwa kawaida haitawasubiri mkichelewa. Weka namba ya wakala wa meli bandarini kwenye simu yako na ya dereva, na hakikisha kila abiria ameshuka na kadi ya meli pamoja na kitambulisho chenye picha. Bila hivyo, getini hapitiki hata kama meli bado ipo.