Naombeni ushauri: mwongozo wangu wa logi za Python unasomwa, lakini vijana wanakwama palepale

Nuru_ya_Terminali (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Niko kwenye timu ndogo ya programu hapa Mwanza. Kila mwaka tunapokea vijana wa mafunzo kwa vitendo, na kila mwaka wanateswa na kitu kilekile: moduli ya `logging`, ile ya kuandika logi, yaani kumbukumbu za yanayotokea programu ikiwa inafanya kazi. Nyaraka rasmi zina kila kitu, kuanzia ukurasa wa marejeo na mafunzo ya hatua kwa hatua hadi mkusanyo mrefu wa mifano. Tatizo ni kwamba kijana hajui aingilie mlango upi, na Kiingereza chenyewe bado kinampa shida. Nikaamua kuandika mwongozo wa Kiswahili, kurasa 14. Nimeanza na historia (moduli iliingia na Python 2.3 mwaka 2003, kutokana na pendekezo la PEP 282), zikafuata ngazi (uzito wa ujumbe) na namba zake, DEBUG 10 hadi CRITICAL 50, halafu loga (inayopokea ujumbe), handla (inayoupeleka kwenye skrini au faili), fomata (inayoupangia sura), vichujio, na mwisho mifano.

Wanausoma kweli. Nikiwauliza maswali wanajibu. Lakini wiki iliyopita kijana aliyeumaliza wote alikaa saa nzima na mistari hii minne:

```
import logging
logi = logging.getLogger("malipo")
logi.setLevel(logging.INFO)
logi.info("Malipo ya 0754... yamepokelewa")
```

Skrini tupu. Ameweka INFO, ameandika info, hakitoki kitu. Nilipomfikia alikuwa ameshafuta na kuandika upya mara tatu, akidhani amekosea herufi. Na jibu lake lipo kwenye mwongozo wangu, ukurasa wa 9! Hilo limeniuma sana.

Kundi jipya linakuja baada ya wiki mbili. Nianzie wapi kuusafisha? Naweka na kipande ninachokipenda kuliko vyote, mniambie kama kinaeleweka:

*"Ujumbe ni kama abiria. Kila loga ina geti na mlinzi wake. Ujumbe ukipita geti la mtoto unapanda kwa baba, ukipita kwa baba unaendelea hadi kwenye mzizi. Mlinzi yeyote akiukataa, safari imeishia hapo."*

Mzee_wa_Seva

Mkuu, kazi nzuri, na Kiswahili chako kimetulia. Ila hicho kipande kitoe leo, maana si kweli.

Ujumbe ukishakubaliwa na loga uliyoiita, geti la baba haliulizwi tena. Unakwenda moja kwa moja kwenye handla za baba, na kila handla inatazama ngazi yake yenyewe tu. Mzizi, yaani loga ya juu kabisa iliyo baba wa zote, unaweza kuwa na ngazi ya ERROR, na DEBUG ya mtoto ikatokea kupitia handla ya mzizi huohuo. Kijana aliyeshika picha yako ya mageti atapandisha ngazi ya mzizi ili apunguze kelele kwenye faili, kelele zitabaki, na hatajua kwa nini. Mfano unaonoga ni mbaya zaidi ukiwa na kosa, kwa sababu huo ndio atakaoukumbuka.

Binti_Kodi

Naungana na Mzee. Mimi naongezea kuhusu mpangilio.

Mtu hafungui mwongozo wa logi kwa kutaka historia. Anafungua kwa sababu ameandika kitu na hakionekani. Hiyo mistari minne ya kijana wako ndiyo iwe ukurasa wa 1, na skrini yake tupu, halafu mweleze papo hapo kilichotokea: loga imeukubali ujumbe, lakini hakuna handla hata moja. Python ikikosa handla hutumia ile ya dharura, `lastResort`, ambayo haitoi chochote chini ya WARNING, na INFO iko chini yake. Mwambie abadilishe `info` iwe `warning` aone maneno yanatokea matupu, bila jina la loga wala ngazi. Akishaliona hilo kwa macho yake, neno handla halitamtoka tena kichwani. PEP 282 ipeleke mwisho.

Kibatari

Binti_Kodi, hapo kwa ukurasa wa 1 nakubali. Lakini mleta uzi usije ukavunja jedwali la ngazi na orodha ya handla kwa sababu hii. Mimi wa miaka sita kazini bado narudi kutazama vitu hivyo. Tenganisha: karatasi moja fupi ya kusoma mwanzo hadi mwisho, na nyingine ya kuchungulia ukiwa na haraka. Kurasa 14 zinazojaribu kufanya kazi zote mbili ndizo zilizomficha kijana jibu lake.

Kwenye ile fupi usisahau mtego wa `basicConfig`, ile amri ya kupanga logi zote kwa mkupuo. Mtu anaandika `logging.info("naanza")` juu kabisa, kisha chini anaweka `basicConfig` na jina la faili. Faili halitengenezwi, kosa halitolewi. Ule mstari wa kwanza ulishauwekea mzizi handla kimyakimya, na `basicConfig` ikikuta handla haifanyi lolote. Tangu Python 3.8 kuna `force=True`, inayoondoa handla za zamani kwanza.

Mama_Hifadhidata

Habari zenu. Mmeuona huo mfano? "Malipo ya 0754..." Watu hawasomi mifano, wanainakili. Namba ya mteja iliyoko kwenye mwongozo itakuwa kwenye seva yenu mwezi ujao, kwenye faili ambalo kila mtu analifungua. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022. Weka namba ya muamala badala ya simu, na uandike hivi: `logi.info("Muamala %s umepokelewa", namba)`, ili wanakili mtindo mzuri tangu siku ya kwanza.

Nuru_ya_Terminali

Asanteni sana wakuu. Mama, hilo la simu sikuliona kabisa, nimeshabadilisha kote. Mageti nayo nimeyafuta, nimeandika hivi:

*"Ujumbe hupimwa mara mbili. Kwanza na loga uliyoiita: ujumbe ukiwa chini ya ngazi yake, unaishia hapo. Ukipita, unapelekwa kwa handla za loga hiyo na za baba zake wote, na kila handla inaupima kwa ngazi yake. Ngazi za loga za baba hazihusiki."*

Mzee_wa_Seva

Safi sana. Rekebisha sentensi ya mwisho tu. Loga isiyowekewa ngazi huazima ya baba wa karibu aliye nayo, na mzizi huanza na WARNING. Kwa hiyo andika "hazipimi tena", kisha ongeza hilo la kuazima. Na useme kwamba `propagate = False` inakata safari ya kwenda kwa baba.

Ukimaliza, mpe kijana yuleyule, kaa pembeni yake, usiseme neno. Tazama anaposimama.

Nuru_ya_Terminali

Nimefanya hivyo leo mchana. Karatasi mbili, mbele na nyuma. Mistari minne ameimaliza mwenyewe, akaweka handla, ujumbe ukatoka. Amesimama mahali pamoja tu, kwenye "mzizi". Alidhani ni folda ya juu kabisa ya mradi. Neno hilo nimelitumia mara saba na sijalieleza hata mara moja. Narudi kuliandika sasa hivi.